Sura ya Saba: Samaki wa Kuanzia

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, watumishi walikuja na mafaili na pia na mapishi yao. Waliotoka Mwanza na Musoma waliulizia sato, wa Kigoma wakaulizia migebuka, wa Tanga na Dar es Salaam wakakumbuka changu na pweza. Kabla yao Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilikuwa kimeshaleta maelfu ya vijana wa mikoa hiyo hiyo. Watu wakaoana, wakapanga nyumba moja, wakaalikana sikukuu. Ndipo likazuka jambo ambalo wapishi wa mji huu wanalijua vizuri: bakuli la samaki linatua mezani, na mtu mmoja, mara nyingi mkwe au babu aliyekuja kutoka Mpwapwa, Kongwa au Chamwino, anashukuru kwa adabu, halafu anaomba maziwa.

Sura hii ni ya yule anayempikia mtu huyo. Inamhusu pia mtoto anayeogopa miiba, na mgeni wa bara ambaye angependa kujaribu ila harufu inamrudisha nyuma. Naamini wengi wao wanaweza kumpenda samaki. Ninachoomba kwanza ni tuache kuwaona washamba, kwa sababu sababu zao zina mashiko.

Uwanda wa kati hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja. Mito mingi huku ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watu wa nchi kama hii walijenga chakula chao juu ya uwele, mtama, ng'ombe, mbuzi na mboga za porini: ugali mweusi wa uwele, mlenda uliokolea karanga, maziwa ya mgando. Majirani zao wafugaji, kama Wamaasai wa upande wa Kiteto, kwa mila hawamhesabu samaki kuwa chakula cha watu wenye ng'ombe. Kuna waliokuwa karibu na maji na wakavua, hasa Bahi, ambako mvua ikiwa nzuri mbuga hugeuka ziwa na watu hutoa kambale na perege. Ila kwa walio wengi samaki alikuwa kitu cha kusafirishwa.

Na aliyesafirishwa alikuwa mkavu. Reli ya kati ilifika Dodoma takribani 1910 na kumaliza safari yake Kigoma 1914. Tangu hapo magunia ya dagaa na matenga ya migebuka mikavu yamekuwa yakishushwa kwenye stesheni za njiani. Pwani ilileta ng'onda na papa wa chumvi. Hivi ni vyakula vizuri kwa aliyevizoea, lakini ladha yake ni kali, harufu yake inatangulia mlangoni, na dagaa wa kuanikwa chini huja na mchanga. Mtu aliyekua akikutana na samaki wa namna hiyo tu, akimkataa, amekataa chumvi, moshi na siku nyingi za njiani. Samaki mbichi mwenye nyama nyeupe hajamwonja bado.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua shombo inatoka wapi, maana ndiyo inayowafukuza watu. Samaki wa baharini hubeba mwilini kemikali inayomsaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Akishakufa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo ile harufu tunayoijua wote. Samaki wengi wa maji baridi wana kemikali hiyo kidogo, na ndiyo sababu mojawapo perege aliyetoka bwawani leo karibu hanuki kitu. Papa na taa wana urea nyingi mwilini, nayo ikioza hutoa harufu ya amonia, kwa hiyo usimpe mgeni hata siku moja kama samaki wake wa kwanza. Samaki wenye nyama nyeusi au nyekundu, kama kibua na jodari, wana mafuta na damu nyingi kwenye misuli inayofanya kazi muda wote, na mafuta hayo yakikutana na hewa huchacha upesi.

Maji baridi nayo yana kasoro yake, nayo ni ladha ya tope. Inatokana na jiosmini, kitu kinachotengenezwa na vijidudu vya kwenye matope na mwani wa majini, ndicho hicho hicho kinachoipa ardhi harufu yake mvua ya kwanza inapodondoka. Samaki wa bwawa lililotuama hukinyonya na kukihifadhi kwenye mafuta yake. Hakina madhara, ila mtu anayeonja samaki mara ya kwanza akihisi tope mdomoni, umempoteza.

Dawa ya yote mawili ni kitu chachu. Tindikali huikamata ile trimethilamini isiruke hewani, na huvunja jiosmini. Pwani wanatumia ndimu. Huku ndimu zikiadimika au kupanda bei, ukwaju upo, na mibuyu imejaa kila upande. Loweka ukwaju au unga wa ubuyu kwenye maji kidogo, chuja, mpake samaki kwa dakika 15 hivi, kisha msuuze. Usizidishe muda, kwa sababu chachu hupika nyama kabla ya moto na kuifanya iwe kavu.

Sasa uchaguzi wenyewe. Nikiulizwa ni samaki yupi wa kumwanzishia mtu wa Dodoma, jibu langu ni mnofu wa sangara. Najua watu wa Kanda ya Ziwa watanilaumu, kwa sababu kwao sato ndiye mfalme, na kwa utamu siwabishii. Lakini hapa hatutafuti samaki mtamu kuliko wote. Tunatafuta samaki asiye na jambo la kumtisha mtu. Mnofu wa sangara ni mweupe, mnene, hauna ngozi, hauna kichwa chenye macho yanayokutazama, na miiba yake ni mikubwa na michache, hivyo mpishi anaweza kuitoa yote kabla ya kupika. Ukikaangwa, asiyejua anaweza kudhani ni kidari cha kuku.

Samaki huyu mwenyewe ni mhamiaji. Aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima na kuwala wengi wa samaki wadogo wa asili. Viwanda vya Mwanza na miji mingine ya ziwani vikajengwa kwa ajili ya minofu yake kwenda Ulaya, huku wenyeji wengi wakibaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya mnofu kuondolewa. Inanigusa kuona mnofu huo sasa unapatikana kwenye majokofu ya maduka ya Dodoma. Ni haki ya Mtanzania kula sehemu nzuri ya samaki wa ziwa lake. Ukinunua, chukua kipande cha katikati au cha mkiani cha samaki wa wastani. Sangara mkubwa sana ana mafuta mengi, na upande wa tumboni ndiko mafuta yanakojaa.

Wa pili ni sato, au perege wa Mtera. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilikamilika 1980 ili kukusanya maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo, maji yasipungue kwenye mitambo ya umeme ya Kidatu. Samaki walikuja kama nyongeza, na wavuvi wakahamia kutoka mikoa mingine kuwafuata. Leo basi linalopita barabara ya Dodoma na Iringa likisimama hapo, madirishani wanapanda vijana na kina mama na sinia za perege waliokaangwa. Abiria wengi huingia Dodoma na mfuko wa samaki hao mapajani. Kwa mtu aliyezoea ni zawadi nzuri. Kwa anayesitasita, hapana: wamekaangwa hadi wakakauka ili wadumu, mafuta huwa yametumika mara nyingi, na perege wengi ni wadogo, wenye miiba myembamba inayojificha. Mletee mbichi, mkubwa kadiri utakavyompata. Kwa samaki wa jamii ya sato ukubwa una maana sana, kwa kuwa wa kilo moja ana miiba mikubwa inayoonekana na kutoka kwa vidole, ilhali wa robo kilo humlazimisha mlaji kutafuna kwa hofu. Kwa mtoto usicheze na jambo hili. Toa mnofu mwenyewe, upapase kwa vidole, ndipo umpe.

Tuje sokoni. Dodoma iko mbali na maji makubwa: Mwanza ni karibu kilometa 700, na Dar es Salaam ni kama 450. Samaki anayeitwa mbichi kwenye masoko ya Majengo au Sabasaba amelala njiani angalau usiku mmoja ndani ya deli la barafu, na umri wake unategemea barafu hiyo. Mwombe muuzaji akufunulie shavu. Matamvua yawe mekundu na yenye unyevu. Yakiwa ya kahawia au yanateleza ute mzito, acha. Jicho liwe limevimba na linang'aa, lisiwe limezama wala kufanya ukungu. Bonyeza mgongoni kwa kidole: nyama nzuri inarudi, mbovu inabaki na shimo. Kisha nusa karibu na tumbo, mahali ambapo uozo huanzia. Samaki wa pwani, kama changu, akiwa na nyama iliyolegea na mifupa iliyovunjika ndani ilhali ngozi ni nzima, huenda alivuliwa kwa baruti, uvuvi haramu unaosambaratisha matumbawe. Mrudishe hata kama bei ni nzuri.

Watu wa huku wanawadharau samaki wa barafu, na hapo natofautiana nao. Samaki aliyegandishwa kiwandani saa chache baada ya kuvuliwa ni salama zaidi na ana harufu ndogo kuliko yule aliyetembezwa juani akimwagiwa maji ili aonekane mbichi. Cha kuangalia ni kama pakiti ina theluji nyingi ndani au umbo lililopinda, maana hizo ni dalili kwamba aliyeyuka akaganda tena. Mtoe usiku, mweke chini kabisa ya friji kwenye bakuli, asubuhi atakuwa tayari. Usimyeyushe kwa maji ya moto, kwa sababu nje itaanza kuiva na ndani bado barafu, na hapo shombo hupata nafasi.

Kibua wa kuganda ndiye anayepatikana kirahisi na kwa bei nafuu, na wengi humnunua kwa mgeni kwa sababu hiyo. Ni kosa. Nyama yake ni nyeusi, mafuta ni mengi, na nyumba nzima itanuka hadi kesho. Zaidi ya hayo, kibua na jodari wakikaa bila ubaridi hutengeneza histamini, ambayo hupasha uso moto, huumiza kichwa na kuleta upele, wala haiondoki kwa kupikwa. Mtu akipatwa na hayo mara moja, atasema samaki ni sumu, na hutamlaumu.

Mapishi ya siku ya kwanza yawe ya kukaanga. Kata mnofu vipande vya vidole viwili kwa upana, pitisha kidole ukitafuta mwiba, tia chumvi na maji ya ukwaju, uache kidogo. Suuza, halafu ukaushe kwa kitambaa safi hadi uwe mkavu kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, kisha wanashangaa kwa nini samaki anashika sufuria. Uviringishe kwenye unga wa mtama uliochanganywa na pilipili manga na kitunguu saumu kilichosagwa. Unga wa mtama hukauka vizuri kuliko wa ngano, na ladha yake mlaji anaijua tangu utotoni. Pasha mafuta ya alizeti, yanayokamuliwa hapa hapa Dodoma na Singida, hadi punje ya unga ichemke mara inapogusa. Tumbukiza vipande vichache kwa wakati mmoja. Mnofu ulio mbichi unapitisha mwanga kidogo, kama kioo chenye ukungu. Ukiiva unakuwa mweupe kabisa na kuachana tabaka kwa tabaka ukiugusa kwa uma. Ukifika hapo, utoe. Samaki aliyepitiliza hukauka na harufu yake huongezeka, na mpishi mwenye wasiwasi karibu kila mara humpitiliza.

Uandae na ugali wa uwele na mlenda, pamoja na kachumbari yenye ndimu. Mlaji awe na sahani iliyojaa vitu anavyovijua, na kimoja tu kiwe kipya. Weka na kitoweo kingine, maharage au nyama kidogo, ili asione kama ametegwa. Akila vipande viwili, mshukuru na usimshangilie. Mzee haoni raha kupigiwa makofi kwa kula.

Kuna wanaoshauri kumsaga samaki na kumficha kwenye mboga. Kwa mtoto wako mwenyewe, unga wa dagaa kwenye mlenda ni jambo jema, na kwa nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, nalisema bila kusita. Kijiko cha dagaa wanaoliwa na mifupa yao kina protini na madini ya chokaa ambayo uji mtupu hauna. Lakini mtu mzima usimfichie. Anaweza kuwa na mwiko wa ukoo, na anaweza kuwa na mzio. Kamba na kaa hasa huwapa baadhi ya watu mzio mkali wa kuvimba koo, na mtu wa bara ambaye hajawahi kuvila hawezi kujua kama ni mmoja wao. Kipande kimoja kidogo, kisha kungoja, ndiyo njia ya kumwanzisha.

Dini nayo ina neno lake. Kwa Mwislamu wa Kondoa samaki hana shida ya kuchinjwa, jambo linalomfanya awe kitoweo chepesi kwenye nyumba yenye imani mbili. Mkatoliki humtafuta Ijumaa za Kwaresma. Msabato anakula mwenye magamba na mapezi tu: sato na sangara sawa, lakini kambale, kamba, kaa, ngisi na pweza hapana. Uliza kabla ya kwenda sokoni.

Kambale nimemweka nyuma kwa makusudi, ingawa ndiye samaki wa Bahi na ndiye anayehimili mabwawa ya huku yanapokauka, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Nyama yake ni laini na haina miiba midogo midogo. Tatizo ni ngozi tupu inayoteleza, ndevu, na wengi wakimtazama wanamwona nyoka. Ladha ya tope nayo humkaa kwa urahisi. Ukipata aliye hai, aliyekaa siku kadhaa kwenye maji safi, msugue kwa chumvi au majivu, mmwagie maji ya moto, umkwangue ute wote, kisha mchachue kwa ukwaju. Akiungwa kwa karanga ni chakula kizuri kabisa, lakini kiwe cha mwezi wa tatu au wa nne tangu mlaji aanze kula samaki.

Dagaa wa Kigoma hufuata hapo. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya uvuguvugu, wakaushe, wakaange wawe wakavu wa kuvunjika mdomoni, uwachanganye na karanga za kukaanga. Mgebuka naye ni jamaa wa sangara, mwembamba zaidi, na mbichi au wa kukaangwa anapendeza kuliko wa moshi. Bei za hawa wawili hubadilika ziwa linapofungwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mpango wa namna hiyo ni wa kuungwa mkono hata kama jikoni unaumiza.

Kwa wa baharini, wa kuanza nao ni changu, chewa na kolekole, wote wa nyama nyeupe. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, mtu aliyepita soko la samaki la Feri alfajiri anaweza kuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana, na hilo halijawahi kuwezekana kwa basi. Kamba wana utamu wa asili na hawana mwiba, kwa hiyo vijana huwapenda haraka, ila onyo la mzio libaki pale pale. Ngisi apikwe dakika mbili au apikwe saa nzima. Katikati ya hapo ni mpira. Pweza mwache hadi mlaji amwombe mwenyewe.

Na kama umefanya haya yote, ukatafuta samaki mzuri, ukampika vizuri, na babu bado anaomba maziwa yake, mpe. Maharage, karanga na maziwa vitamtosha. Wewe endelea kununua, na kila ufikapo sokoni swali lako la kwanza liwe moja: samaki huyu ametoka majini lini? Muuzaji akishindwa kukujibu, nenda kwa wa meza ya pili.